Mgomba wa Nyuma ya Jiko

"Na hiyo sufuria kubwa pakia! Nilinunua kwa kahawa yangu mimi. Sitaki mtu aje achemshie maji ya kuoga humo!"

"Nani anataka masufuria yako yaliyoungua? Nenda nayo. Nenda na kila kitu, uniachie migomba yangu isimame."

"Migomba yako! Sikilizeni! Ana nini chake huyu? Alikuja hapa na kanga moja, na hiyo kanga alipewa na mume wangu."

Watu waliojaa mbele ya duka wakacheka. Koplo Deodatha aliegemeza baiskeli yake ukutani, akapita katikati yao hadi kwenye dirisha la dereva.

"Ufunguo," alisema.

Dereva alimtazama mwenye duka. Deodatha alinyoosha mkono. Akapewa ufunguo, akautia mfukoni.

Lilikuwa gari la kukodi, Peugeot ya mizigo, na limesimama mbele ya duka la Apolinary Rwegoshora, kando ya barabara ya Omurushaka. Nyuma kulikuwa na kitanda kilichofunguliwa, magunia, na mwanamke mwenye umri wa kwenda arobaini na mitano aliyekaa juu ya magunia hayo kama amekaa kanisani. Huyo ndiye Kokubanza, mke wa ndoa wa Apolinary, mama wa watoto wanne, ambaye nyumba yake ni hiyo yenye duka. Aliyesimama chini akijibizana naye ni Auleria, mke wa pili, ambaye padri hamtambui, na ambaye nyumba yake iko juu ya kilima nyuma ya duka, katikati ya kibanja cha migomba ya pombe.

Usiku wa kuamkia jana, mtu alikuwa amekifyeka kibanja hicho. Apolinary alikwenda kituoni Kayanga akaandikisha kwamba aliyefyeka ni mkewe Kokubanza. Hakungoja upelelezi. Alitafuta petroli, kitu ambacho tangu vita viishe hakikuwa kikipatikana bila kubembeleza watu, na asubuhi hii alikuwa anamrudisha mkewe kwa kaka zake Bugomora. Jumamosi inayokuja binti yao wa kwanza, Egidia, anaolewa. Gari likiondoka, Kokubanza hatakuwepo kwenye harusi ya mwanawe, na nyumba hii hataikanyaga tena.

"Shikamoo mama," Deodatha alimwambia Kokubanza.

"Marahaba. Nirudishie dereva ufunguo wake. Nimeshafukuzwa, basi niende mapema, jua lisinikute njiani."

"Nikikuuliza machache utanijibu?"

"Uliza. Leo kila mtu ananiuliza."

Apolinary alisogea. Alikuwa amevaa koti la suti, na jasho lilimtiririka kwa kupakia kitanda. "Afande, hakuna la kuuliza. Balozi, mwonyeshe."

Balozi wa nyumba kumi, mzee Athanasi, alitoa kwenye mfuko wa kitani muhoro, kile kisu chenye ncha iliyopinda kinachofungwa kwenye mti mrefu kupogolea majani ya mgomba. Mpini wake mfupi ulikuwa umezungushiwa raba ya baiskeli.

"Niliuokota mwenyewe kibanjani," alisema balozi. "Ulikuwa umechomekwa kwenye nyasi. Kila mtu hapa anaujua ni wa Mama Egidia. Hiyo raba alifunga yeye."

"Ni wako, mama?"

"Wangu. Siku zote unaning'inia ukutani jikoni kwangu. Ulifikaje kule juu, sijui. Mimi kule sijapanda tangu huyo aletwe."

"Nani ameingia jikoni kwako wiki hii?"

"Wanangu." Kokubanza alimtupia Auleria jicho. "Na huyo. Alikuja kuchukua vikapu vya kubebea ndizi za harusi. Akasimama jikoni kwangu akinukia mafuta ya mgando kama bibi harusi ni yeye."

"Wivu huo!" Auleria alipiga makofi. "Mafuta tu yanakuuma."

"Una nini hata nikuonee wivu? Tumbo?"

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Auleria aligeuza uso. Deodatha aliupokea muhoro, akaulaza kwenye kiganja, akapitisha kidole ubapa hadi ncha, kisha akaufunga tena kwenye mfuko, akautia kwapani.

"Bwana Apolinary. Ndizi zilizofyekwa zilikuwa za kukamulia lubisi ya harusi ya Egidia?"

"Ndiyo. Zilikuwa zinakatwa leo."

"Mama gani anafyeka pombe ya harusi ya mwanawe?"

"Huyu!" Apolinary alionyesha kwa kidole. "Muulize alisema nini hapa dukani mbele ya wateja. Alisema heri wageni wanywe maji ya mto kuliko kunywa jasho la Auleria. Balozi alikuwepo."

"Nilikuwepo," alisema balozi, hakufurahi kusema.

"Ulisema hivyo, mama?"

"Nilisema. Na leo nasema tena."

"Ungekuwa umefyeka wewe, ungeanza na mgomba upi?"

Kokubanza aliinamisha kichwa kumtazama vizuri huyu askari mwanamke. Kisha, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, akatabasamu.

"Ule wa karibu kabisa na jiko lake. Akifungua mlango asubuhi aende kukoka moto, aanze kuuona huo umelala. Halafu ningepanda na mingine yote. Nisingeacha hata wa kutoa jani la kufunikia chungu."

"Mmemsikia!" alisema Apolinary.

"Nimemsikia," alisema Deodatha. "Gari lisiondoke. Mama, kaa hapo hapo. Wewe Auleria, twende ukanionyeshe."

* * *

Njia ya kupanda ilikuwa ya utelezi. Auleria alitangulia, mwanamke mrefu, kijana bado, kisigino kisafi. Apolinary alitaka kufuatana nao, Deodatha akamwambia abaki amlinde dereva asipitiwe na usingizi.

Kibanja kilikuwa kama mahali palipopita tembo. Migomba ya pombe, minene, yenye mikungu iliyokwisha kujaa, ilikuwa imelala chini nusu nzima ya shamba. Maji yake yalikuwa bado yanachuruzika na nyuki walikuwa wamejaa. Ndizi zilikwisha kuanza kubadilika rangi.

Deodatha alivua viatu, akavishika mkononi, akaanza kuzunguka. Alichuchumaa kwenye kila kisiki cha pili au cha tatu. Mikato ilikuwa mipana, ya mshazari, ya pigo moja au mawili. Alijaribu kuweka muhoro kwenye mkato mmoja, ukawa kama kijiko kwenye beseni.

"Panga," alisema, kama anayejisemea. "Muhoro hauangushi mgomba. Na chuma kikikata mgomba mbichi, kesho yake utomvu umekiweka weusi. Huu muhoro ni mkavu, una vumbi la ukutani na masizi ya jiko."

"Labda aliushika tu mkononi," alisema Auleria.

"Labda. Mtu ana panga mkono mmoja, anabeba muhoro wa nini mkono wa pili? Nani anakulimia?"

"Harerimana. Mrundi. Mimi nilikwisha kusema, kama si yule wa chini basi ni huyu katumwa na yule wa chini. Wiki iliyopita nilimwita mwizi mbele za watu, mkungu ulipotea."

"Uliupata?"

"Niliupata. Ulikuwa umeanguka mtaroni."

"Ukamwomba radhi?"

Auleria aliruka mgomba uliolala, akatangulia.

Harerimana alikuwa amekaa ukingoni mwa shamba, anatazama uharibifu kama mtu aliyefiwa. Alisimama, akavua kofia.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Usiku ule ulikuwa wapi?"

"Kihanga, kwa ndugu zangu. Kulikuwa na sala ya familia. Nililala huko, waulize."

"Uliomba ruhusa?"

"Hapana. Mama huyu ndiye aliniambia nenda, pumzika, urudi kesho. Nilishangaa. Kazi ilikuwa nyingi, ndizi zinataka kukatwa."

"Panga lako liko wapi?"

"Hulala jikoni kwa mama. Kila jioni namrudishia."

Deodatha aliingia jikoni peke yake, akatoka na panga. Lilikuwa linang'aa kama la dukani. Alimpa Harerimana.

"Ndilo?"

Mkulima yule aliligeuza na kuligeuza. "Mpini ndio huu. Lakini... limesuguliwa na majivu. Mimi sijawahi kulisugua hivi."

"Panga la shamba lisisuguliwe?" Auleria alidakia kutoka mlangoni. "Nilikuwa nalikatia nyama."

"Sawa," alisema Deodatha.

Alizunguka nyuma ya jiko. Hapo alisimama.

Migomba yote ya upande ule ilikuwa imelala, isipokuwa mmoja. Ulikuwa karibu na ukuta hata jani lake liligusa paa la nyasi, mwembamba, hauna mkungu, wala haukuwa wa pombe. Ni wa aina ya ndizi ndogo tamu wanazopewa watoto. Chini yake nyasi zilikuwa zimetandazwa nene, za juzijuzi, wala hazikukanyagwa.

Deodatha alitazama migomba iliyolala. Shamba lilikuwa la mteremko na migomba yote ilikuwa imeangukia chini, mgomba ukikatwa huenda unakopelekwa na uzito wake. Lakini mitatu iliyokuwa jirani na huu mwembamba ilikuwa imelala kinyume, kupanda mlima. Kwenye mmoja kulikuwa na alama ya mikono miwili, utomvu umeganda na udongo umeganda juu yake, na chini yake visigino vilikuwa vimechimba ardhi. Mtu alikuwa ameusukuma kwa nguvu zote, gizani, mgomba uliojaa maji na mkungu juu yake, ili usiuangukie ule mdogo.

"Harerimana! Huu hapa unaupalilia?"

"Huo siugusi, afande. Mama hataki. Hata majani makavu anatoa mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Mimi nimekuja mwaka jana nikaukuta hivyo."

Kila nyumba yenye kibanja upande ule inajua. Wazee huzikwa mbele, kaburi likaonekana, watu wakapita wakasalimu. Mtoto aliyetoka bila kulia hazikwi mbele. Huzikwa nyuma ya jiko na wanawake wawili watatu, bila matanga, bila msalaba, na juu yake hupandwa mgomba. Baada ya mwaka hakuna anayejua pana nini isipokuwa mama yake.

"Nenda ukanywe maji kwa jirani," Deodatha alimwambia Harerimana. "Usirudi mpaka nikuite."

* * *

Auleria alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni. Deodatha aliufunga mlango wa mbele, akauacha ule wa nyuma wazi, akakaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Mama Egidia amesema angeanza na mgomba wa karibu na jiko. Ndivyo angefanya adui yeyote. Na ndio huo mmoja tu uliosimama."

"Labda hakuuona."

"Aliuona. Ameisukuma mitatu kupanda mlima isiuguse. Nionyeshe mikono."

Auleria aliificha kwapani.

"Nimeiona ulipompigia makofi mwenzio. Malengelenge yameshapasuka. Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Inzi walivuma juu ya ndizi kule nje. Auleria alitazama mlango wa nyuma, akasema kwa sauti ndogo, "Wa kiume."

"Bwana anajua?"

"Hajui. Wakati wa vita alikwama Bukoba na mizigo yake. Aliniacha sina dalili. Aliporudi hakukuta tumbo, hakukuta mtoto. Huku juu hakuna aliyeniona ila bibi mmoja jirani aliyenisaidia, naye ameshakufa."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Yule wa chini alijifungua wiki ile ile, mizinga inalia, na mtoto wake akalia kuliko mizinga. Wa nne! Wangu akatoka kimya. Angetupima, afande. Wanaume wanapima. Mpaka leo watu wananiita bibi mdogo, kwa sababu hawana jina la mtoto wa kuniitia."

"Na ndizi?"

"Ndizi ni zangu!" Sauti ilipanda ghafla. "Nimezipalilia mimi, samadi nimebeba mimi kichwani. Halafu bwana anakuja, anakunywa chai yangu, ananiambia siku ya harusi ukae jikoni upakue, mbele usitoke, padri atakuwepo. Mama Egidia atakaa kwenye kiti na koti jipya, atapewa kibuyu cha kwanza, watu wampigie vigelegele. Kwa lubisi yangu! Na mimi nimwone kwa tundu la mlango?"

"Ndiyo ukafyeka."

"Ndiyo nikafyeka. Nikasema akose pombe, na lawama apate. Sikusema afukuzwe. Hilo la kufukuzwa ni la bwana."

"Ulipolisikia ulimzuia?"

"Hapana." Auleria alimtazama machoni. "Nilifurahi. Nilikwenda kuoga, nikapaka mafuta, nikashuka kwenda kumtazama akipakiwa."

Deodatha alisimama, akakung'uta sketi.

"Sasa sikiliza, nina haraka, na pale chini kuna mwanamke juu ya magunia anapigwa jua. Nikiwaeleza mimi, nitaulizwa nimejuaje. Panga lililosuguliwa halitoshi, wala malengelenge. Bwana atasema ulilima. Itabidi niseme kuhusu huu mgomba, na nitasema, maana sitamwacha mtu apoteze nyumba yake kwa kosa la mwingine. Ukieleza wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, hakuna atakayeniuliza lolote."

"Utanipeleka ndani?"

"Nitakupeleka vyovyote vile. Umeharibu mazao na umemsingizia mtu mbele ya polisi."

"Na hapo nyuma?"

"Hapo nyuma pana mgomba. Sikuona kingine."

Auleria alisimama. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akatangulia kutoka.

* * *

Chini, watu walikuwa wameongezeka. Basi la Bukoba lilikuwa limesimama na abiria wameshuka kuja kuuliza kuna nini. Kokubanza alikuwa pale pale, amejifunika kitenge kichwani.

Auleria alikwenda moja kwa moja hadi kwenye gari. Alimtazama Kokubanza, si mume.

"Nimefyeka mimi," alisema.

"Unasema nini wewe?" Apolinary alimshika mkono. "Afande, umemtisha!"

"Hajanitisha. Nilimwondoa Harerimana, nikachukua panga lake, nikafyeka peke yangu. Muhoro niliuiba jikoni kwake nilipofuata vikapu. Sikutaka anywe ndizi zangu amekaa kwenye kiti."

Kelele zilipanda. "Mama wee!" alipiga yowe mwanamke mmoja. Balozi Athanasi aliushika mdomo wake kwa kiganja, mtu aliyeapa kwa muhoro ule tangu jana. Kokubanza hakupiga yowe. Alishusha kitenge mabegani.

"Ulizifyeka zote?" aliuliza. "Hata mkungu wa kukamulia lubisi ya baraka ya bibi harusi hukubakiza?"

"Hata mmoja."

"Basi una mikono," alisema Kokubanza. "Sikukujua."

Apolinary alimvuta Deodatha pembeni, koti limemwenda upande. Aliongea kwa sauti ya chini ya mtu aliyezoea kupatana bei.

"Afande, dada yangu. Sasa yamejulikana. Kibanja ni changu, migomba ni yangu, aliyekata ni mke wangu, na mimi nimemsamehe. Tuyamalize kifamilia. Huyu nitamwonya. Na Mama Egidia, ah, ameshapakia, aende tu akapumzike kwa kaka zake, hasira zipoe, baada ya harusi nitamfuata."

"Baada ya harusi?"

"Unajua tena wanawake wawili. Nikiwaacha wote hapa wiki hii watatoana macho mbele ya wageni. Mmoja aondoke. Gari nimeshakodi, petroli imo."

"Jana ulipokuja kituoni hukuandikisha migomba tu," alisema Deodatha. Alisema kwa sauti ya kawaida, na sauti yake ya kawaida ilifika mpaka kwenye basi. "Uliandikisha mtu. Ulitaja jina lake la ndoa na la baba yake, ukaweka dole gumba, na asubuhi hukungoja hata nije. Mtu huyo huwezi kumsamehe wewe, hana kosa. Na huyu mwingine hakukukosea wewe peke yako. Tena umesema kweli, mmoja aondoke, na petroli imo."

Alitoa ufunguo mfukoni, akamtupia dereva.

"Washa. Tunakwenda Kayanga. Auleria, panda mbele, ukae katikati. Bwana Apolinary, shusha mizigo ya mkeo."

"Mimi?"

"Aliipakia nani?"

Vijana wawili walisogea kusaidia. Deodatha aliwarudisha kwa mkono. Apolinary alivua koti, akatafuta wa kumshikia, hakuna aliyenyoosha mkono, akalitundika kwenye kioo cha gari. Alishusha sufuria, akashusha magunia ya mahindi, moja moja, mgongoni. Alishusha mbao za kitanda. Kokubanza alikuwa anahama kutoka gunia hadi gunia kadiri yalivyopungua, mpaka akabaki amesimama kwenye bati tupu. Hapo ndipo alipokanyaga tairi, akashuka mwenyewe, akapita kando ya mumewe, akaingia nyumbani kwa mlango wa mbele, wa dukani.

Deodatha alipandisha baiskeli yake nyuma ya gari, akapanda mbele na kubamiza mlango.

"Mwende taratibu," aliita Apolinary, akipangusa shingo. Hakusema anamwambia nani.

Dereva aliingiza gia. Gari lilirudi nyuma kidogo, likalipisha basi la Bukoba, likashika barabara ya Kayanga.